Pasi ni Salamu

Jina lake Dugald. Likatushinda mdomoni,
tukamwita Dago,
naye akaitika siku ile ile.

Alikuja Kilindini kufunga kreni mpya za bandari,
mkataba wa miezi tisa.
Mimi nilikuwa mfua jezi wa timu ya Gati la Kumi,
mtu wa sabuni na kamba. Hakuna aliyeniuliza kitu,
kwa hivyo niliona mengi.

Kwao Uskoti alicheza kiungo miaka kumi na miwili,
mji wa makaa ya mawe, uwanja wa tope, mvua ya kulala ubavu.
Kikombe hawakupata, hata cha chai.
Goti la kushoto alilizika huko;
hili alilokuja nalo Mombasa lilikuwa la kuazima,
likilia kama mlango wa stoo kila akichuchumaa.

Kiswahili alikiokota chumba cha kuvalia,
akakibeba na matusi yake yote.
"Mpira yangu!" "Mguu yako iko wapi?"
Sisi tukamrekebisha ngeli,
yeye akaturekebisha nafasi.

Kombo Mwatsahu, namba nane wetu, alipenda chenga.
Chenga tatu, nne, mpaka Serani ipige mbinja,
na winga kule kasimama peke yake
kama mgeni aliyefika harusi isiyokuwa yake.
Dago akapuliza kipenga, akaingia akichechemea.
"Kombo. Pasi ni salamu.
Wewe nasalimu mtu kisogoni?"
Akamsalimisha ukuta, mlingoti, mimi na ndoo yangu,
mia mbili kwa mguu wa kulia, mia mbili kwa wa kushoto,
mpaka magharibi ikaadhiniwa.

Sikwambii alikuwa malaika.
Alirusha kiatu kikavunja kioo cha duka la Bakathir,
akalipa papo hapo, radhi asiombe.
Radhi ilimchukua wiki nzima,
ikaja imefungwa kwa gazeti, kaimati za shilingi ishirini.
Na kwa sifa alikuwa bahili, bahili hasa:
funga mabao matatu,
atakuuliza la nne umelisahau wapi.

Ila Ramadhani ile ya joto kali
alihamisha mazoezi yawe baada ya tarawehe.
Na mchana mmoja, kaja kupiga mistari ya chokaa,
nilimfuma nyuma ya stoo
amejibanza na chupa ya maji kama mwizi wa kuku.
Akaniwekea kidole mdomoni.
Nimekaa na siri hiyo mpaka leo.

Mwaka wa tatu (ile miezi tisa ishasahaulika)
tulitoka sare na Changamwe, bila kwa bila,
daraja likatuponyoka.
Kamati ikakaa. Ikala biriani. Ikamfukuza.
Barua nikapewa mimi niipeleke,
maana miguu ya wakubwa ilikuwa mizito.
Aliisoma wima, akaikunja mara nne,
akaisukuma chini ya meza yake iliyokuwa ikiyumba.
Meza ikatulia.

Jumamosi iliyofuata alilipa kiingilio,
akakaa upande wa jua, baina ya wauza kachiri.
Dakika ya themanini Kombo akapokea,
watu wawili mgongoni.
Zamani angewacheza wote, na vivuli vyao.
Hakutazama chini. Mguso mmoja:
mpira ukapita katikati yao bila haraka,
ukamkuta Chengo anakokwenda, si alikokuwa.
Chengo akafunga.

Uwanja mzima ukageukia goli,
kofia zikaruka, mtu akamwaga kahawa ya mwenziwe.
Mimi nikamgeukia Dago.
Hakupiga makofi. Goli hakuliangalia.
Macho yake yalikuwa pale kati, kipande kitupu cha nyasi
mpira ulikotokea,
na midomo yake ikitikisika kidogo,
kama mtu aitikiaye.